Dawa ya Injini Ilinizikisha Mke Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja. Kwetu ni Handeni, na kazi yangu tangu ujana ni kuendesha magari. Sasa ni mjane, nina binti mchanga anayekuzwa kwa maziwa ya mbuzi, na lori langu limesimama nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake.

Nayaandika haya nikiwa na hasira. Sitawadanganya wasomaji wenzangu kwamba yamekwisha moyoni... Hayajaisha! Na mtu anayetaka kuniambia nisamehe, tafadhali asome kwanza, ndipo anishauri.

Lori lile tulilipata kwa jasho la watu wawili. Mimi nilikuwa dereva katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, naendesha gari la bwana mwingine mchana kutwa, nakula mihogo ya kuchoma, najinyima hata sigara. Mke wangu Mwanaidi alikuwa analima mahindi Mkata kwa shangazi yake. Kila mavuno alileta sehemu yake, akaiweka pamoja na yangu bila kunung'unika. Alivaa kanga zilizochakaa miaka mingi. Akina mama wenzake walipomcheka, alikuwa anawajibu kwamba yeye anavaa lori, ila bado halijashonwa.

Siku nilipolileta Handeni, alilizunguka, akapapasa bodi yake kwa mkono polepole. Kisha akasema, "Sasa hutamwita mtu bwana tena." Akalia. Nami nikalia. Hayo yalikuwa machozi ya furaha... mengine sikuyajua bado.

Lilikuwa lori la dizeli. Lilikwisha tumika, lakini injini yake ilikuwa nzima. Mhindi mmoja wa Korogwe mwenye duka la vipuri ndiye aliyeniuzia, na kabla ya kunipa ufunguo alinisimamisha mbele ya madebe yake ya oili.

Akaniambia, "Sikiliza, bwana. Injini hii si ya petroli. Usiipe oili ya gari la petroli. Oili yake ni hii, imeandikwa kwenye debe kwamba ni ya dizeli. Itakuwa nyeusi upesi sana, wewe usiogope! Ikiwa nyeusi ndiyo inafanya kazi. Inabeba masizi, haiachi yagande ndani. Badilisha kwa wakati wake, mwaga ya zamani, tia mpya. Na usichanganye na kitu kingine chochote."

Nikayashika maneno yale. Kwa misimu miwili nilibeba mahindi kutoka vijiji vya Handeni hadi stesheni ya Korogwe. Siku nyingine nilishuka Mkata na Kabuku, siku nyingine nilikwenda hadi Mkumbara kuchukua mboga za Wasambaa. Lori halikunitia aibu hata mara moja. Tuliezeka nyumba kwa mabati. Tukaanza kuitwa watu!

Ndipo akaja Rajabu.

Rajabu ni mdogo wake Mwanaidi, mtoto wa kiume wa pekee kwa mama yao. Alikuwa ameajiriwa kwenye gereji ya shamba la mkonge, akafukuzwa. Sababu hawakuniambia. Mama mkwe alikuja mwenyewe kwangu, akaketi, akaniambia, "Baba, mchukue mdogo wako. Anajua magari. Akikaa bure ataharibika." Ningekataaje? Mwanaidi alimbeba mgongoni Rajabu huyu alipokuwa mtoto. Alimpenda kuliko alivyoweza kusema.

Alikuja na suruali iliyopigwa pasi na maneno matamu. Kunisalimu ni kwa mikono miwili. Nikamkabidhi matunzo ya lori: kununua oili Korogwe, kuibadilisha, kutia grisi. Mimi nikabaki na usukani na kutafuta mizigo. Nilijiona mtu mwenye bahati, kwa sababu gari langu lilikuwa mikononi mwa ndugu.

Siku moja alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akanionyesha.

"Tazama, shemeji. Hii oili au lami?"

Nikamweleza maneno ya yule Mhindi. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema mwenye duka lazima aseme vile, kwani kazi yake ni kuuza oili, na mimi nikiimwaga mara kwa mara yeye ndiye anayenenepa. Kisha akatoa mfukoni kikopo cha maji mazito mekundu. Akasema hiyo ni dawa ya injini. Wazungu wa shambani wanaitia kwenye injini zao kubwa zinazoendesha korona, ile mashine ya kuchambulia mkonge. Inaziba pale beringi zilipolika, inapunguza moshi, na ukiitia, oili inakaa miezi na miezi bila kumwagwa.

Nilikataa. Nilimwambia waziwazi kwamba sitaki.

Akaenda kwa dada yake. Jioni Mwanaidi akaniletea chakula, akaketi karibu yangu, akaniambia kwa upole, "Mume wangu, huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ataharibu gari la dada yake apate faida gani?"

Jamani! Nyinyi mngejibu nini?

Nikakubali. Rajabu akaitia ile dawa. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wanaponaswa. Injini ilitulia! Moshi ulipungua. Ule mshale wa presha ya oili, uliokuwa umezoea kukaa katikati, ulipanda juu. Nilifurahi kama mtoto. Na wiki zikapita, kila Rajabu akichomoa kile kijiti, oili ilikuwa ya njano, safi, inang'aa kama asali ya porini. Nikaanza kuamini kwamba yule Mhindi alinidanganya.

Leo najua kwa nini ilibaki njano. Haikuwa oili ya dizeli kabisa! Oili nzuri niliyomtuma kununua, Rajabu aliimimina akaiuza kwa wenye malori wengine njiani. Madebe matupu aliyajaza oili rahisi ya injini kuukuu za petroli, na alipoikosa hiyo alichukua oili iliyomwagwa huko shambani kabla haijawa nyeusi, akaichuja kwa kitambaa. Oili ya namna ile haibebi masizi. Inapita juu yake na kuyaacha yamejibandika ndani. Ukitazama kijiti unaona usafi, kumbe tumbo la injini linajaa uchafu kila unapokanyaga mafuta!

Dalili zilianza taratibu. Asubuhi lori likawa zito kuwaka. Likiwaka linagongagonga mpaka lipate moto. Kwenye vilima vya njia ya Sindeni likawa linachemka. Nikimwuliza Rajabu, jibu lilikuwa moja tu.

"Inataka dawa nyingine, shemeji."

Akatia nyingine. Na nyingine tena.

Nilipomwambia kwamba nitalipeleka Korogwe kwa fundi Paulo, Msambaa mmoja ninayemwamini, alinuna. Akaenda kulalamika kwa mama yake kwamba namwona mwizi. Mama mkwe akaja analia, akauliza mwanawe amenikosea nini. Mwanaidi wakati huo alikuwa mjamzito, mimba yetu ya kwanza kukaa baada ya mbili kuharibika, na sikutaka alie. Nikanyamaza. Mnaona mtu anavyofungwa mikono ndani ya nyumba yake mwenyewe?

Mwanaidi alijifungua alfajiri, nyumbani, mikononi mwa mkunga. Mtoto wa kike, mzima, sauti kali. Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakatoka nje. Nilikuwa nimesimama uani nacheka peke yangu.

Kisha vigelegele vikakoma.

Kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na damu haikukatika. Mkunga alimkanda tumbo, akahangaika, jasho likimtoka. Jua lilipochomoza akatoka nje, akaniambia kwamba kazi hii si yake tena. "Mpeleke hospitali Korogwe sasa hivi. Usingoje uji wala chai." Bwana dawa wa zahanati naye alikuja, akamchoma sindano, akasema maneno yaleyale. Akaongeza kwamba akifika mapema atapona, kwani wanawake wengi wenye shida kama ile wamepona.

Wasomaji wenzangu, someni hapa polepole.

Asubuhi ile basi la Korogwe lilikuwa limesimama linapakia abiria, mbali kidogo tu na nyumba yangu. Kondakta alisikia habari. Alikuja mwenyewe mpaka uani, akasema atawahamisha watu wa kiti cha nyuma, mgonjwa alale, na basi litaondoka papo hapo bila kungoja lijae. Mungu ambariki mtu yule popote alipo.

Nikamgeukia Rajabu. Alikuwa amesimama kando ya lori, mkono juu ya boneti. Nikamwuliza kwa kinywa changu hiki, mbele ya kondakta, mbele ya mama yake:

"Rajabu, lori litafika Korogwe bila tabu? Kama lina walakini sema, tumpandishe basi."

Alilitazama lori. Akamtazama dada yake aliyelala kwenye kitanda cha kamba pale barazani, uso umempauka. Nakumbuka alilamba midomo.

"Litafika, shemeji," akasema. "Basi la nini, na gari letu lipo? Hilo litasimama kila kijiji."

Basi likaondoka. Sisi tukabaki tunatandika godoro ndani ya bodi ya lori.

Tuliondoka baada yake. Mwanaidi alilala nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake, mtoto amefungwa kwenye kanga. Rajabu aliketi mbele pamoja nami. Nilikwenda kwa hadhari ili lisirukeruke. Tukapita Misima. Tukapita Sindeni. Nilikuwa nahesabu vilima moyoni, nikisema kile bado, kile bado...

Tulipopanda kilima kimoja mbele ya Sindeni, mshale wa presha ya oili ukaanza kushuka. Ukashuka, ukashuka, ukalala chini kabisa. Injini ikaanza kugonga, kwanza kwa mbali, kisha kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo.

Nikainua mguu. Rajabu akanishika mkono, akapiga kelele, "Usizime, shemeji! Ukizima haliwaki tena!"

Nilimgeukia. Alijuaje? Nilikuwa sijauliza kitu bado... alijuaje?

Kabla sijasema neno injini ilipiga kishindo kimoja, magurudumu yakakwama, lori likaburuzika kidogo kwenye vumbi na kusimama. Kimya. Nilichosikia ni mtoto analia kule nyuma.

Nikashuka, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti. Oili ilikuwa imejaa mpaka alama ya juu! Ya njano, safi! Oili ipo, kwa nini injini imekufa kwa kukosa oili? Nilipoinua macho nikamwona Rajabu ameshika kikopo kingine cha ile dawa yake, anatafuta mahali pa kumimina.

Nilikipiga kikaruka mpaka kichakani.

Kule juu Mwanaidi akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Rajabu... mdogo wangu... gari lina nini?"

Rajabu aliinamisha kichwa juu ya bampa.

Nilikimbia kurudi Sindeni kuomba msaada. Wanaume walinifuata na kitanda, kwani gari kijijini hapo halikuwapo. Barabara siku ile ilikuwa tupu kama iliyohamwa. Jua likapanda. Niliporudi niliona vitone chini ya lori, nikadhani ni oili. Haikuwa oili. Damu ilikuwa imelowesha godoro, ikapita kati ya mbao za bodi, inadondoka mchangani.

Kwenye jua lile kali Mwanaidi aliniambia anasikia baridi. Nikamfunika turubai la mahindi. Akaniambia bado. Nikavua shati langu nikaliweka juu. Akaniambia, "Bado, baba." Mama mkwe alikuwa anamsugua miguu na kumwita jina la utoto.

Tukaanza kumbeba kwa miguu kuelekea Korogwe, tukipokezana. Saa za mchana likatokea lori la mbao nyuma yetu, dereva akatupakia bila kuuliza, akakanyaga mafuta kwa nguvu zote. Lakini tulikuwa tumechelewa. Tulipolifikia daraja la mto pale Korogwe, mkono wa mke wangu ulilegea ndani ya wangu. Hospitalini walimpokea mbio. Daktari alimgusa shingo, akatazama chini, akamwita muuguzi amchukue mtoto kwa mama mkwe, maana mama huyo alikuwa karibu kuanguka.

Nilimzika Handeni. Sitaeleza maziko. Siwezi.

Baada ya matanga nililivuta lori mpaka Korogwe kwa fundi Paulo. Alipofungua lile sinia la oili chini ya injini, aliniita kwa kidole. Ndani mlikuwa na uji mweusi mzito, umeganda kama ugali uliolala. Beringi zilikuwa zimetafunika. Na chujio ambalo oili hunyonywa kupitia kwake lilikuwa limezibwa pande zote na kitu cheupe kinachoteleza, hata oili haikuweza kupanda. Paulo alikikwangua kidogo, akakiweka kwenye kifuniko cha kopo, akakipasha moto.

Kikanuka nta. Ilikuwa mishumaa!

"Hii oili si ya dizeli," Paulo akasema. "Na hii ni mishumaa iliyoyeyushwa kwenye oili ya gia. Ndiyo maana mshale ulipanda, oili ilikuwa imefanywa nzito tu. Oili nzuri ya dizeli ina dawa zake tangu kiwandani, haihitaji ya mtu mwingine. Nani alikuwa anakutilia vitu hivi?"

Nilikaa chini, pale kwenye sakafu ya oili.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Sikupiga hodi mbele. Nilizunguka nyuma ya nyumba, na nikavikuta: sufuria lenye utando mwekundu, vipande vya mishumaa, debe la oili ya gia, na madebe yangu ya oili ya dizeli yakiwa matupu yamepangwa vizuri ukutani.

Rajabu alitoka akanikuta nimesimama pale. Mama yake akatoka nyuma yake. Rajabu alianza kujitetea kabla sijafungua kinywa. Akasema alikuwa anatafuta mtaji. Akasema alikusudia akishapata atanirudishia oili nzuri, nisijue kitu. Nilimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

Kisha nikamwuliza moja tu. "Asubuhi ile nilikuuliza kama lori litafika. Ulijua?"

Akamtazama mama yake.

"Rajabu! Ulijua?"

"Nilijua halitadumu," akasema. "Lakini nilidhani Korogwe litafika."

Nilidhani Korogwe litafika! Dada yake anavuja damu, basi limesimama, kondakta amejitolea kiti... na yeye anakisia!

Nikamwuliza kwa nini hakusema tu dada yake apandishwe basi. Asiseme juu ya oili, asiseme juu ya mishumaa, aseme basi tu! Na jibu lake, ndugu zangu, ndilo linaloniamsha mpaka leo.

"Ningesema basi, ungeniuliza kwa nini."

Basi ndiyo hivyo. Aliona ni afadhali dada yake aingie kwenye gari bovu kuliko yeye kuulizwa swali. Sikumpiga. Watu wanashangaa kwamba sikumpiga. Niliondoka tu.

Nilikwenda bomani kushtaki. Askari walipofika kutazama, uani kulikuwa kumefagiwa. Hakuna sufuria, hakuna mishumaa, hakuna debe. Nikaambiwa bila ushahidi hakuna kesi, na kwamba wanawake wengi hufariki katika uzazi. Nani alifagia? Nyumba ile wanaishi watu wawili tu, na mmoja alikuwa amejificha Mkata siku hizo. Sitasema zaidi. Yule mwingine alimshikilia Mwanaidi mapajani mpaka mwisho.

Wazee wa ukoo wakaniita. Wakasema ni ujana, ni shetani, ni ahadi ya Mungu. Wakasema Mwanaidi harudi. Mama mkwe akapiga magoti mbele yangu, mama mzima, akasema Rajabu ndiye pekee aliyebaki wa kumzika yeye. Nilimwinua. Nikamwambia, "Mama, wewe utabaki kuwa mama yangu, na mjukuu wako utamwona kila unapotaka. Lakini usinitajie jina lile." Wazee wakakasirika, wakaniita mwenye moyo mgumu.

Moyo mgumu! Mimi?

Mngedhani basi mtu yule ameona haya, ameacha. Sikilizeni. Mwezi uliopita nilikwenda soko la Korogwe kutafuta mbuzi mwingine wa maziwa. Nikasikia sauti ninayoijua. Rajabu alikuwa amesimama juu ya sanduku, kofia mpya kichwani, makopo yamepangwa mbele yake, sasa yamebandikwa karatasi za rangi. Madereva na wenye mashine za kusaga wamemzunguka.

Alikuwa anasema hivi: "Dawa hii nimeitia mwenyewe kwenye lori la dizeli la shemeji yangu wa Handeni! Mshale wa oili ulipanda siku ileile! Oili ikabaki njano kama asali! Ulizeni, ni lori linalojulikana!"

Alikuwa analitaja lori langu! Analifanya tangazo!

Niliwasukuma watu. Nikapiga kelele kwamba ni mwongo, kwamba ile ni nta, kwamba imemuua mke wangu, dada yake mwenyewe. Watu wakageuka. Nikadhani leo ameumbuka.

Rajabu akavua kofia. Akashuka kwenye sanduku taratibu. Akawaambia kwa sauti ya huzuni, "Jamani, msimcheke. Huyu ndiye shemeji yangu. Alifiwa na dada yangu kwenye uzazi, na tangu siku ile akili haijamtulia. Ni msiba wetu sote."

Wakanihurumia! Wasomaji, wakanihurumia! Bibi mmoja akaniletea maji kwenye kata. Askari wa soko akanishika mkono kwa upole kama anavyoshikwa mgonjwa, akaniambia, "Twende, mzee, ukapumzike kivulini." Na nilipokuwa naongozwa kutoka, bwana mmoja mwenye lori, nilisikia akisema anatoka Kabuku, alikuwa tayari anapokea makopo mawili mkononi mwa Rajabu.

Kwa hiyo nimeandika. Pale sokoni alininyamazisha kwa kunitia wazimu, lakini karatasi hataishika mkono na kuipeleka kivulini.

Ndugu zangu wenye malori, wenye mashine za kusaga, wenye pampu za maji, nawasihi. Injini ya dizeli ipe oili ya dizeli. Debe lifunguliwe mbele ya macho yako, na ulikague wewe, hata kama anayeleta ni ndugu yako. Oili ikiwa nyeusi usiogope, badilisha kwa wakati wake. Ikibaki njano kwa wiki na wiki ndani ya injini ya dizeli, hapo ndipo uogope! Presha ikipanda ghafla kwa sababu mtu amemimina kitu cha kopo, hujaponya injini, umeifunika macho. Na fundi wako akichukia kuulizwa, mwulize zaidi. Mimi niliogopa machozi ya mama mkwe, leo tunalia wote.

Na wewe bwana wa Kabuku, uliyenunua makopo mawili siku ile. Sikuona uso wako vizuri, ila najua ulinisikia, kwa sababu ulisimama kidogo kabla ya kuyapokea. Mimi sina wazimu. Usiyatie. Nakuomba, bwana, usiyatie! Nyumbani kwako nako kuna watu.